Kushusha Gari Chini ya Mwembe

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, mbele ya walimu na wanafunzi wa sasa)



Kamati iliponiandikia iliniomba nizungumze juu ya elimu na kazi ya mikono. Nashukuru kwa heshima hiyo. Lakini kichwa hicho ni kipana, na mimi si mtu wa kuhutubia mambo mapana. Kwa hiyo nimekuja na kitu kimoja tu, nacho ni hiki mnachokiona mezani. Ni springi ya gari, fupi, nyekundu, nzito kiasi. Walio nyuma watainuka waione. Zilikuwa nne. Hii moja nimeileta, na kabla sijaketi nitawaambia kwa nini.

Desemba 2021 nilikuwa nyumbani kwetu Nyantakara kwa sikukuu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alifika kutoka Mwanza na gari lake la kwanza maishani, Toyota Corolla, ile ambayo mitaani huitwa Corolla mia na kumi. Ilikuwa safi, imepigwa nta, kuku wanajitazama mlangoni. Baada ya kumwamkia bibi yake na kula, akafungua buti akatoa boksi. Ndani yake mlikuwa springi nne nyekundu.

"Mjomba," akaniambia, "nataka tulishushe gari. Wewe umesoma fizikia, na vifaa unavyo. Gereji watanitoza hela nyingi."

Ndugu zangu, mimi ni binadamu. Kijana akikwambia kwamba umesoma, kifua kinapanda. Nikakubali siku hiyo hiyo.

Kwa wale wasiolijua jambo hili, nieleze. Vijana wengi wa mijini hupenda gari lililokaa chini, matairi yakikaribia kuingia ndani ya bodi. Si upuuzi mtupu. Gari likishuka, kitovu cha uzito nacho hushuka, na kwenye kona halilali sana upande. Kwenye lami nyoofu ya Japani au ya Ulaya, mtu aweza kufanya hivyo na asijute. Njia ya halali ni kununua springi zilizotengenezwa fupi na ngumu zaidi kwa ajili ya gari lile lile. Njia ya wizi ni kukata pingili za springi ya zamani, au kuichoma kwa moto wa gesi mpaka ijikalie yenyewe. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kwa moto uliopimwa kiwandani. Ukikichoma ovyo unakiondolea tabia yake, na siku moja kitakatika au kitalegea upande mmoja. Mpwa wangu, nimsifu, alinunua springi za halali.

Ila Nyantakara si Japani. Kwetu kule gari hunyanyuliwa, halishushwi. Mmeona michomoko, zile Probox zinazobeba watu na magunia: wenyewe huwekea vikombe vya chuma juu ya springi ili tumbo likae mbali na mawe. Hata hilo lina mpaka wake, maana gari likipandishwa mno huyumba, na ekseli za mbele huzunguka zikiwa zimepinda kupita kiasi. Lakini sababu yake inaeleweka na kila mtu. Sisi wawili tulikuwa tunaelekea kinyume na kijiji kizima, na hatukujiuliza kwa nini kijiji kizima kinafanya vile.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, kwa kuwa wapo hapa watakaoifanya siku moja, ama kwa kushusha, ama kwa kubadilisha springi iliyovunjika, nayo ndiyo haja ya kweli ya watu wengi.

Tulianza kwa kupima. Kutoka chini hadi mahali pa chini kabisa pa injini palikuwa sentimita 15. Andikeni namba hiyo. Tukaweka gari kwenye udongo mgumu, tukazuia magurudumu ya nyuma kwa mawe mbele na nyuma, tukalegeza nati za gurudumu kabla ya kunyanyua, kwa sababu gurudumu likiwa hewani huzunguka nawe. Halafu jeki. Jeki, vijana, ni ya kunyanyulia tu, si ya kushikilia. Ukishanyanyua, weka stendi za chuma, na gurudumu ulilolitoa lilaze chini ya bodi. Likitokea la kutokea, gari litaangukia gurudumu, halitakuangukia wewe.

Katika gari la aina ile, springi na shokapu ni kitu kimoja kilichosimama wima, springi ikiizunguka shokapu. Mtindo huu ulibuniwa katika miaka ya 1940 na mhandisi wa Kimarekani, Earle MacPherson, na jina lake limebaki nao. Chini umefungwa kwa bolti mbili kubwa kwenye kitovu cha gurudumu. Juu umefungwa kwa nati tatu ndogo, ukifungua boneti unaziona zimezunguka nati moja kubwa ya katikati. Mpira wa breki nao umeshikizwa hapo, na lazima uufungue mapema. Kitovu kikilegea, kifunge kwa waya mahali pa juu, kisining'inie kwa mpira wa breki, maana mpira ule ukipasuka ndani huoni kitu mpaka siku unayokanyaga breki na gari halisimami.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza. Nilitazama zile nati nne, nikaona ile ya katikati ndiyo kubwa, nikasema kwa sauti ya mwalimu: "Anza na ile ya katikati." Mpwa wangu akachukua spana. Jirani yetu mmoja, mzee aliyewahi kuwa utingo wa malori yanayopita Nyakanazi na Lusahunga kwenda Rwanda na Burundi, alikuwa ameketi kando akinywa chai. Alitupa kikombe, akapiga kelele: "Acha! Unataka kumtoa kichwa mtoto?"

Tukaacha. Mzee akatueleza kwamba nati ile ya katikati ndiyo peke yake inayoizuia springi isiruke. Gurudumu linaweza kuwa linaning'inia hewani, ukadhani springi imepumzika, kumbe bado imebanwa. Unafungua zile tatu ndogo na zile bolti mbili, unatoa chombo kizima, unaibana springi kwa vibanio, na ukishaona inacheza mahali pake bila kusukuma kitu, ndipo unagusa ya katikati.

Usiku ule nilikaa na kalamu, nikaona haya peke yangu. Kanuni ya Hooke nilifundishwa ndani ya majengo haya haya. Robert Hooke, Mwingereza, aliichapisha mwaka 1678, baada ya kuificha kwanza miaka miwili katika fumbo la herufi ili mwingine asimwibie: kadiri unavyoibana springi ndivyo inavyokusukuma, kwa uwiano ule ule. Tuchukue mfano wa springi inayohitaji Nyutoni 20 kwa kila milimita moja. Gurudumu moja la mbele la gari dogo hubeba kama kilo 300, yaani Nyutoni 3,000. Basi springi itabonyea milimita 150. Nguvu iliyolala ndani yake, nusu ya ugumu mara mbonyeo kwa mbonyeo, ni Juli 225. Hiyo ni sawa na jiwe la kilo 23 lililoangushwa kutoka kimo cha mita moja. Nilikuwa nimemwambia mtoto wa dada yangu ainamishe uso juu ya jiwe hilo.

Hesabu hii nilipata alama zake zote katika mtihani. Chini ya mwembe haikunijia kabisa.

Kesho yake fundi mmoja wa Nyakanazi alituazima vibanio viwili. Kila kimoja ni msumari mrefu wenye hesi na kulabu mbili. Unavikabilisha, kimoja upande huu na kingine upande wa pili, unakaza raundi mbili huku na raundi mbili kule, kidogo kidogo, bila haraka. Ukikaza upande mmoja tu, springi inapinda na kuchomoka. Na wakati wote uso wako na wa mwenzako haukai kwenye mwelekeo wa ncha za springi. Tulifanya hivyo. Springi ya zamani ikatoka, nyekundu ikaingia, ncha yake tukaikalisha kwenye kijito chake, nati ya katikati ikakazwa, vibanio vikalegezwa kwa zamu ile ile. Ya kwanza ilituchukua nusu siku. Ya nne ilituchukua saa moja na robo. Mikono ilichubuka, lakini nikiri kwamba tulifurahi sana. Springi za zamani nilimwambia azifunge ndani ya gunia aziweke stoo ya mahindi. Yeye alitaka kuziuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Gari likatua. Tukapima tena: sentimita 11. Watoto wa jirani wakaja kulitazama. Kijana akapiga picha kumi na tano. Mama yangu akatoka nje akiegemea fimbo, akalitazama, akauliza: "Mbona limekaa kama kuku anayeatamia?" Tukacheka.

Ndugu Mwenyekiti, siku nne baadaye, usiku wa mvua, mama alianza kupumua kwa shida. Alikuwa na homa ya mapafu, ingawa wakati ule hatukujua jina lake. Tuliona midomo yake tu, ikibadilika rangi. Gari lilikuwa lipo mlangoni, kwa hiyo hatukuhangaika kutafuta jingine. Tukampakia: yeye, dada yangu, jirani mmoja wa kumshikilia, mimi, na kijana kwenye usukani. Watu watano. Tukaelekea hospitali, Biharamulo mjini.

Kabla ya kufikia barabara kuu pana kijito chenye mawe. Kila gari la kwetu hupita pale. Kijana alishuka polepole kabisa, sina lawama naye. Tukasikia mshindo chini ya miguu yetu, kisha mkwaruzo mrefu. Tulipopanda ng'ambo taa nyekundu ya oili ikawaka. Kijana akazima injini mara moja, na hilo ndilo jambo la busara kuliko yote tuliyofanya wiki ile. Nikashuka na tochi. Sampu ilikuwa imepasuka, oili yote inateremka na maji ya mvua.

Sitaeleza sana yaliyofuata. Nilipiga simu, akaja kijana wa bodaboda. Tukamfunga mama kwa khanga mbili na turubai, akakaa katikati ya dereva na dada yangu, wakaondoka kwenye mvua ile, mama mwenye homa ya mapafu, umri wake zaidi ya miaka sabini. Mimi na mpwa wangu tulibaki kando ya gari tukitazama taa ya pikipiki ikipotea. Hakuna aliyesema neno. Niliwahi kusikia watu wakisema usiku ni mrefu. Ule ndio niliujua kwa urefu wake.

Mama alifika. Alipewa hewa na dawa, na baada ya siku tisa alirudi nyumbani. Yupo mpaka leo, namshukuru Mungu.

Sasa niseme kosa la pili, ambalo ni kubwa kuliko la kwanza, kwa kuwa katika lile palikuwa na mzee wa kutuzuia, na katika hili mwenye kujua nilikuwa mimi.

Springi haikuwekwa kwenye gari ili ilinyanyue tu. Imewekwa imeze mshindo. Gurudumu likikuta jiwe, springi inabonyea na kumeza nguvu ile kabla haijafika kwenye bodi. Kati ya mahali springi ilipo na mahali shokapu inapogonga raba yake ya mwisho pana nafasi, na nafasi hiyo ndiyo mali ya gari. Katika gari letu ilikuwa kama sentimita 8. Tuliposhusha sentimita 4, tulibakiza 4. Mtu husema: nimepunguza nusu, basi uwezo umebaki nusu. Hapana. Rudini kwenye hesabu: mbonyeo unazidishwa kwa mbonyeo. Nusu kwa nusu ni robo. Springi ile ile ikipewa nusu ya nafasi humeza robo tu ya mshindo. Ili imeze mshindo ule ule katika nusu ya nafasi, yapaswa iwe ngumu mara nne, na hapo abiria watadhani wamepanda mkokoteni. Springi zetu nyekundu zilikuwa ngumu zaidi, tuseme kwa robo hivi. Piga hesabu: uwezo uliobaki haukufika theluthi moja ya ule wa kwanza. Kisha weka watu watano, uzito wao ukale karibu sentimita mbili nyingine, katika nafasi na katika kimo kutoka chini. Tulifika kwenye kijito kile injini ikiwa sentimita 9 juu ya ardhi, na springi haina karibu chochote cha kumezea.

Mstari mmoja wa hesabu. Kijana wa kidato cha tatu huufanya kwa dakika mbili. Mimi nilipima kimo kabla na baada, nikaandika namba kwenye daftari, nikaridhika kwamba gari limeshuka kama boksi lilivyosema. Sikuuliza swali moja tu lililotakiwa: gari hili litambeba nani, na litapita wapi?

Ndugu zangu, wenye hekima walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Januari, fundi aliziba sampu kwa kuichomelea, tukajaza oili mpya, na sisi wawili tukaazima vibanio vile vile, tukakaa chini ya mwembe ule ule, tukarudisha springi za zamani kutoka stoo ya mahindi. Safari hii tulimaliza kwa siku moja, na mzee jirani hakuwa na sababu ya kumwaga chai. Magurudumu ya mbele tuliyaweka sawa kwa kamba mbili na rula kwa muda, kisha yakapimwa vizuri kwa mashine kijana aliporudi Mwanza. Hilo msilisahau: kila ukibadilisha kimo cha gari, magurudumu hubadili mwelekeo wake kidogo, na matairi huliwa upande mmoja kabla hujatambua.

Kijana aliona aibu kurudisha. Aliniambia, "Mjomba, wenzangu watanicheka." Nilimjibu kwamba mimi nimekwisha kujicheka kabla yao, akae nyuma yangu kwenye foleni. Baadaye alikubali, na leo gari lile lina kimo alicholitengenezea aliyelitengeneza. Kutengua kazi ya mikono yako mwenyewe ni kazi ngumu kuliko kuifanya, na sikumbuki kama tulifundishwa hilo popote.

Nanyi vijana wa shule hii, sikuja kuwaambia msiguse magari. Guseni. Chafueni mikono. Shule inayotoa watu wanaoogopa spana imetoa nusu ya watu. Wala sikuja kuwaambia kwamba elimu ya darasani haina kazi. Nimekuja kusema kinyume chake. Ilikuwa na kazi kubwa siku ile, nami niliiacha darasani, kama mtu aliyeacha mwavuli nyumbani kwa kuwa asubuhi palikuwa na jua. Hooke alikuwa chini ya mwembe pamoja nasi tangu mwanzo. Hatukumwamkia.

Basi, kuhusu springi hii. Mpwa wangu ameitoa kwa maabara ya fizikia ya shule yetu, na Mwalimu Mkuu amekubali kuipokea. Msiiweke kabatini. Isimamisheni juu ya sakafu, ndani ya bomba pana ili isiponyoke, wekeni ubao juu yake, kisha mfuko wa saruji wa kilo 50, mpime. Mkipata kama sentimita mbili, mko sawa. Wekeni wa pili, mpime tena. Mkiona kwamba mbonyeo wa mfuko wa pili ni mdogo kuliko wa kwanza, msidhani mmekosea. Zihesabuni pingili, mtazame zilivyokaribiana upande mmoja, mumwulize mwalimu sababu. Na mkishamaliza, mgawane swali lile la nusu na robo, kila mmoja alifanye kwa mkono wake.

Mama nilimwaga juzi nikija hapa, nikamwambia ninaleta springi shuleni. Akaniuliza: "Ile iliyoninyeshea mvua?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Waambie hao watoto waanze kwa kuuliza nani atapanda."

Ndivyo nilivyofanya.